Msimrudishe mtoto nyumbani na karatasi: barua ya wazi kuhusu upele kwa viongozi wa afya na elimu, Moshi

Kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro,
Mganga Mkuu wa Mkoa,
Mkurugenzi wa Manispaa ya Moshi,
na Maafisa Elimu wa mkoa na manispaa.

YAH: OMBI LA KUTIBU UPELE KWA KAYA NZIMA NA BWENI ZIMA, SIKU MOJA

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa afya katika shule ya msingi ya kutwa hapa Manispaa ya Moshi. Kazi hii mnaijua. Mwalimu yule yule anayefundisha masomo yake ya kila siku anaongezewa sanduku la huduma ya kwanza, ukaguzi wa kucha na nywele, na jukumu la kuamua nani arudi nyumbani. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe haliko shuleni kwangu tu. Walimu wenzangu wa Pasua, Njoro na Majengo wanalilalamikia, na wanaofundisha shule za bweni kule Arusha nao wanalilalamikia. Sote tunalimaliza kwa namna moja: tunaandika karatasi kwamba mtoto ana ugonjwa wa ngozi, arudi shuleni akishapona.

Ombi langu ni hili. Upele ukionekana kwa mtoto mmoja, watibiwe wote anaolala nao, siku moja, kwa dawa inayotolewa zahanati bila malipo, na mtoto arudi darasani kesho yake.

Naomba mnivumilie nieleze kwa nini, maana njia tunayoitumia sasa inakwenda kinyume kabisa na tabia ya kidudu chenyewe.

Kidudu cha upele ni jamii ya utitiri, na urefu wake haufiki nusu milimita. Jike huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi, hukaa humo, na hutaga mayai mawili matatu kila siku kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi kidogo. Mgonjwa wa kawaida hana vidudu vingi, ni kama 10 hadi 15 tu mwili mzima. Kinachomwasha hasa ni mwili wake kuvikataa vidudu hivyo, mayai yao na uchafu wao. Kwa anayeambukizwa mara ya kwanza, mwili huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kukataa. Wiki zote hizo mtoto hana kipele hata kimoja cha kuonyesha mwalimu, ila usiku analala amekumbatiana na wadogo zake na anawaambukiza. Aliyewahi kuugua, akiambukizwa tena, huanza kuwashwa ndani ya siku chache tu.

Hebu tuiweke hesabu hiyo kwenye kalenda yetu. Desemba watu wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanajaa, nyumba za Marangu, Kibosho, Machame na Rombo zinafunguliwa madirisha, na wajukuu wanakusanywa chumba kimoja, wanne wanne kitandani chini ya blanketi moja. Ni jambo jema, na sitaki mtu yeyote alipunguze kwa kuogopa upele. Lakini hesabuni wiki 4 hadi 6 kuanzia Krismasi. Mtafika mwishoni mwa Januari na siku za kwanza za Februari. Shule zimeshafunguliwa, watoto wamekaa madawati yao, na ndipo wanapoanza kujikuna. Mwalimu anasema ugonjwa umetoka nyumbani, mzazi anasema umetoka shuleni. Nimekaa kwenye mabishano hayo mara nyingi, na kila upande unasema kwa uhakika. Wakati huo binamu aliyelala naye Desemba yuko Mbeya au Dodoma anajikuna, na huko nako pengine ameshapewa karatasi yake.

Karatasi hiyo inamtoa mtoto mahali ambapo ni vigumu kidogo kuambukiza, inampeleka mahali ambapo ni rahisi sana. Upele huhama kwa ngozi kugusana na ngozi kwa muda wa kutosha. Kusalimiana kwa mkono haraka haraka kwa kawaida hakutoshi. Dawati la watu wawili wenye sweta si kitanda cha watoto watatu. Sisi tunamfukuza kwenye dawati, tunamrudisha kitandani, kisha tunangoja apone peke yake.

Kuna mama mmoja anauza chakula Soko la Mbuyuni. Mwanawe alikuwa darasa la pili. Alikuja na chupa moja ya BBE, dawa ya maji ya kupaka ya upele, aliyoinunua, akanieleza kwamba amempaka vizuri usiku uliopita. Nilimuuliza mtoto analala na nani. Analala na dada yake na mdogo wao, na bibi yao yuko kitanda cha pembeni, chumba hicho hicho. Je, wengine wamepakwa? Hapana, maana chupa ilikuwa moja na mwenye karatasi alikuwa mmoja. Mdogo wa miaka mitatu angeweza kutibiwa bure kwa sera ya watoto chini ya miaka 5. Hawa wawili wa shule, na bibi, na mama mwenyewe, wangelipiwa na nani? Mtoto alirudi darasani, akakaa wiki chache, akaanza tena. Mama yule hakukosea chochote. Alifuata tulichomwandikia, na tulichomwandikia kilimtaja mtoto mmoja.

Waswahili wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa upele hali ni hiyo hiyo. Dawa ikimpata mmoja leo, mwingine wiki ijayo na wa tatu mwezi ujao, vidudu vitakuwa vinazunguka tu ndani ya chumba kimoja na fedha za familia zitakwisha.

Na hata hiyo dawa inavyotolewa, mara nyingi inatolewa bila maneno. BBE inapakwa kuanzia shingoni mpaka kwenye nyayo: katikati ya vidole, chini ya kucha, kwapani, kitovuni, makalioni, sehemu za siri. Wengi wanapaka pale panapowasha tu. Mtoto mdogo anatakiwa achanganyiwe na maji kwa kipimo, kwa sababu dawa inachoma, hasa kwenye ngozi iliyokwisha kuchubuka. Mzazi asipoambiwa hilo, mtoto akilia mara ya kwanza, chupa inawekwa juu ya kabati na haiguswi tena. Watoto wachanga na wajawazito wanafaa mafuta ya salfa, ambayo nayo si dawa ya gharama kubwa. Tena kuna jambo ambalo ningependa liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila dirisha la dawa: kuwashwa kunaweza kuendelea wiki 2 mpaka 4 baada ya vidudu kufa. Asiyeambiwa hivyo anadhani dawa imeshindwa. Anapaka kila siku, ngozi inaungua, inawasha zaidi, naye anaongeza kupaka. Nimeona mikono ya watoto iliyobabuka kwa dawa, upele wenyewe ukiwa umeshaisha zamani.

Kuhusu nguo na mashuka, watu wanatishwa bure. Kidudu kikitoka mwilini kwa kawaida hakimalizi siku 3. Mashuka na nguo zilizotumika siku hizo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, au kama mkaa ni ghali, zifungwe ndani ya mfuko na kuachwa siku 3 au zaidi. Godoro halichomwi moto. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kufika nyumba ambayo godoro pekee la watoto lilichomwa uani na wakalala kwenye mkeka, wote pamoja, karibu zaidi kuliko mwanzo.

Sasa nije kwenye aibu, maana ndiyo inayouficha ugonjwa huu hapa kwetu kuliko pengine. Mji wa Moshi umesifiwa mara nyingi kwa usafi, na wakazi wake tunajivunia hilo. Fahari hiyo ina upande mwingine. Mzazi wa Moshi akiambiwa mwanawe ana upele anasikia kwamba nyumba yake ni chafu. Anakasirika, anakana, anamvalisha mtoto sweta la mikono mirefu hata Februari. Walimu nao hawajambo kwa maneno: nimesikia mtoto akiambiwa mbele ya mstari wa asubuhi akaoge kwanza ndipo aje shule. Kuoga ni kuzuri, ila hakukitoi kidudu kilichomo ndani ya ngozi. Upele unaufuata msongamano wa watu. Aliye na chumba kimoja cha kupanga na watoto wanne anaupata kwa wepesi kuliko mwenye vyumba vitatu, hata kama wa chumba kimoja anaoga mara mbili kwa siku. Ndiyo maana unapenda pia miezi ya baridi yetu, Juni na Julai, watu wanapolala wamebanana. Mtoto anayetukanwa kwa uchafu anajifunza kuficha mikono yake, na mikono iliyofichwa haitibiwi.

Mnaweza kusema: ni kuwashwa tu, haujaua mtu. Hapo ndipo ninapowaomba msome polepole. Mtoto anayejikuna usiku kucha anafungua ngozi yake kwa kucha, na bakteria wanaingia, hasa streptokoka na stafilokoka. Vipele vinajaa usaha, magamba ya njano yanatokea, mitoki inavimba. Streptokoka hao wakiingia kupitia ngozi wanaweza kuleta ugonjwa wa figo wiki chache baadaye: uso unavimba asubuhi, mkojo unakuwa mwekundu au wa kahawia, presha inapanda kwa mtoto wa miaka 7. Wanasayansi wanaamini pia kwamba maambukizi ya ngozi ya namna hiyo yana mchango katika ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi. Mzazi aliyekaa wodini na mtoto mwenye figo zilizochoka hawezi kukumbuka kwamba ilianza na vipele vya katikati ya vidole. Sisi tuliomwona mtoto kila siku ndio tunaopaswa kukumbuka kwa niaba yake. Na bila hata kufika kwenye figo, mtoto asiyelala usiku anasinzia darasani. Hilo nalijua kwa macho yangu.

Kuna kitu kingine kinachoniumiza, nacho kiko kwenye maduka ya dawa muhimu. Mzazi akiona aibu kwenda zahanati anakwenda dukani jioni, anasema mtoto anawashwa, anapewa tyubu ndogo yenye dawa tatu ndani yake: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali. Steroidi inatuliza kuwashwa usiku huo huo. Mzazi anashukuru, anawaambia majirani. Lakini vidudu vya upele havifi kwa tyubu hiyo. Vinaendelea kutaga huku ngozi ikionekana imetulia, na ugonjwa unaenea bila kujulikana. Kama kilichokuwepo ni choa, mambo ni mabaya zaidi: lile duara lenye ukingo unaojulikana linapoteza sura yake, fangasi wanasambaa kifuani na usoni, na hata tabibu mzoefu anapata shida kutambua anachokiangalia. Ikipakwa kwa miezi, ngozi ya mtoto inakuwa nyembamba na kupata michirizi isiyofutika. Choa cha kawaida kisicho kikubwa kinatibika kwa krimu ya fangasi peke yake, au hata kwa Whitfield, mafuta ya zamani ya bei nafuu. Wauzaji wa maduka haya wengi ni watu wema wanaomhudumia jirani usiku wakati zahanati imefungwa. Wanachohitaji ni maelekezo. Nawaomba muwasiliane na Baraza la Famasi na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ili tyubu zenye steroidi kali zisitolewe kwa mtoto bila cheti cha tabibu, na kwenye rafu ya chini, mahali rahisi, iwepo BBE na salfa.

Waheshimiwa, hakuna ninachokiomba ambacho hatuna mtu wa kukifanya. Hapa hapa Moshi, kwenye viwanja vya hospitali ya KCMC, tangu 1992 kipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, ambacho watu wengi wanakijua kwa herufi RDTC. Kilianzishwa kwa ushirikiano wa serikali yetu, Good Samaritan Foundation inayomiliki KCMC, na wataalamu wa ngozi wa kimataifa, kwa wazo moja la busara: madaktari bingwa wa ngozi barani Afrika ni wachache mno, basi matabibu wafundishwe miaka 2, warudi wilayani kwao, watibu na wawafundishe wenzao. Watu kutoka nchi nyingi za Afrika wamesoma hapo na kurudi makwao. Ninapoona mwanafunzi wa kituo hicho, aliyetoka nchi ya mbali, akishuka daladala stendi na begi lake, huwa najiuliza kwa nini elimu anayoifuata mbali hivyo haijafika kwa muuguzi wa zahanati iliyoko kilomita chache kutoka pale.

Kuutambua upele hakuhitaji mashine. Anayejua mahali pa kuangalia anaangalia katikati ya vidole, viganja na vifundo vya mikono, viwiko, kiuno na makalio. Halafu anauliza maswali mawili: unawashwa zaidi usiku? Kuna mwingine nyumbani anayewashwa? Hayo yanafundishika ndani ya siku moja au mbili kwa wauguzi na kwa sisi walimu wa afya. Naomba manispaa ikae na uongozi wa kituo hicho ili wanafunzi wao wafanye sehemu ya mafunzo ya vitendo katika shule zetu na zahanati zetu. Watoto watapata macho yaliyofundishwa, na wanafunzi watapata wagonjwa wa kujifunzia.

Na njia ya kufikisha dawa tunayo pia. Walimu wa shule za msingi nchini tumeshazoea kampeni za dawa za minyoo na kichocho. Tunaorodhesha majina, tunawapanga watoto mstari, tunawasimamisha kwenye kipimo cha urefu ili kujua idadi ya vidonge, tunahakikisha wamekula kwanza, tunajaza fomu, tunairudisha. Wananchi wa Mahenge na Tanga wamemeza ivermektini kwa miaka mingi kwa ajili ya usubi, na maeneo mengine kwa ajili ya matende. Ivermektini hiyo hiyo inaua vidudu vya upele. Dozi yake inafuata uzito, au urefu kwenye kampeni kubwa, na inarudiwa baada ya siku 7 hadi 14 kwa sababu mayai hayafi kwa dozi ya kwanza. Haipewi mtoto mwenye uzito chini ya kilo 15 wala mjamzito, hao wanapewa dawa ya kupaka. Waliotuletea dawa hii, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na kampuni inayoitengeneza imekuwa ikiitoa bure kwa usubi tangu 1987, na baadaye kwa matende. Msaada huo hauhusu upele, nalijua hilo. Kwa upele itabidi tutenge fedha zetu. Ndiyo maana naandika kwa wenye bajeti.

Kwamba inawezekana, tumeshaonyeshwa. Nchini Fiji, katika utafiti uliotangazwa 2015, visiwa viligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilifuata utaratibu wa kawaida, yaani mgonjwa na wanaoishi naye wanatibiwa kwa dawa ya kupaka. Kundi lingine lilipewa ivermektini watu wote. Baada ya mwaka mmoja, kwenye kundi la utaratibu wa kawaida upele ulishuka kutoka watu 37 katika kila 100 hadi 19. Kwenye kundi la ivermektini ulishuka kutoka 32 hadi chini ya 2. Vidonda vya usaha navyo vilipungua kwa theluthi mbili katika kundi hilo, bila kampeni nyingine ya vidonda.

Sisemi kesho asubuhi kila mkazi wa Moshi ameze vidonge. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamependekeza kampeni ya watu wote pale upele unapofika asilimia 10 au zaidi ya watu, na hatuwezi kujua tuko wapi kabla ya kupima. Kwa hiyo tupimeni. Chagueni shule chache za mjini, chache za Mabogini na Chekereni kwenye mpunga, chache za mlimani, na mabweni kadhaa. Wataalamu wa ngozi waangalie mikono ya watoto, waandike. Na tangu sasa zahanati ziandike upele kwa jina lake kwenye taarifa za kila mwezi, usimezwe ndani ya neno la jumla la magonjwa ya ngozi. Shirika hilo liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, na Mei 2025 nchi wanachama zilipitisha azimio la kuyafanya magonjwa ya ngozi kuwa suala la kipaumbele la afya duniani. Tanzania ni mwanachama. Azimio hilo likibaki Geneva, mtoto wa Pasua hatajua kwamba lilipita.

Mabweni nayataja peke yake kwa sababu mkoa wetu na Arusha vina shule nyingi za bweni, za serikali, za dini na za watu binafsi, na watoto wanatoka kila pembe ya nchi. Vitanda vya juu na chini, mablanketi yanayoazimwa usiku wa baridi, sweta linalovaliwa na watu watatu kwa wiki moja. Shule ikifungwa, upele wa bweni moja unasafirishwa mikoa kumi. Kwa bweni, dawa ya mtu mmoja mmoja haifanyi kazi kabisa. Siku moja itengwe, wanafunzi wote wa bweni, matroni na wapishi wanaolala humo wapakwe au wapewe vidonge, mashuka yafuliwe siku hiyo hiyo, na zoezi lirudiwe baada ya wiki moja hadi mbili. Nawaomba mlifanye sharti kwenye ukaguzi wa shule za bweni, kwa maana wapo wenye shule wanaoogopa kwamba habari za upele zitawafukuza wazazi, hivyo wanatibu kimya kimya watatu na kuwaacha hamsini. Vituo vya kulelea watoto, ambavyo ni vingi hapa na Arusha, vihesabiwe humo humo.

Mapunye nayataja kwa ufupi, ingawa yanastahili barua yake. Tunawataka watoto wanyoe nywele fupi, na mashine moja ya kunyolea inapita vichwani mwa mtaa mzima Jumamosi. Kisha Jumatatu tunamrudisha nyumbani mwenye mabaka kichwani. Fangasi huyo yuko ndani ya unywele wenyewe, krimu haimfikii. Anahitaji vidonge vya griseofulvini kila siku kwa wiki 6 hadi 8, vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Mzazi anayenunua krimu tyubu baada ya tyubu anapoteza fedha, na mwisho mtoto anabaki na sehemu zisizoota nywele. Griseofulvini iwepo zahanati, na vinyozi wafundishwe kusafisha mashine kila kichwa kinapoisha. Kwa upande wa funza, wenzangu wa vijijini wananiambia bado wapo kwenye nyumba na madarasa ya sakafu ya vumbi, hasa kiangazi. Huko jibu ni saruji na dawa ya kupaka ya dimetikoni, na kupiga marufuku pini moja kupita miguuni mwa watoto kumi, maana pini hiyo inaweza kupitisha homa ya ini na virusi vya Ukimwi, na kidonda cha funza ni mlango wa pepopunda.

Narudi kwenye ombi langu. Idara za afya na elimu zitoe waraka mmoja wa pamoja, wenye sahihi zote mbili, ili mwalimu mkuu asiseme hajaambiwa na mganga mfawidhi asiseme si kazi yake. Waraka useme kwamba mtoto mwenye upele hafukuzwi: anaitiwa mzazi, kaya inatibiwa usiku huo, naye anarudi darasani kesho yake. Useme kwamba dawa inatolewa kwa idadi ya wanaolala nyumba hiyo, bure kwa wote, wakiwemo wale waliovuka miaka 5, kwa kuonyesha fomu ya mwalimu wa afya. Fomu hiyo iwe na mstari mmoja tu wa ziada kuliko karatasi ya sasa: mtoto huyu analala na watu wangapi, nao ni nani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapewe nakala, wapite nyumbani baada ya wiki moja kuhakikisha dawa ya pili imepakwa.

Waraka ukitoka kabla shule hazijafungwa Desemba, tutawapa wazazi maelezo kabla hawajapanda milimani. Dawa zikifika zahanati kabla ya wiki ya mwisho ya Januari, zitatukuta tunazihitaji. Kwa upande wangu, nimeshaanza kuandika majina ya watoto wa shule yetu wanaojikuna sasa hivi, na kwa ruhusa ya wazazi, idadi ya wanaolala nao. Orodha hiyo nitaileta kwa Mganga Mkuu wa Manispaa siku yoyote nitakayoitwa, na mwalimu mkuu wangu ameridhia nitoke kipindi cha asubuhi.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa afya, shule ya msingi,
Manispaa ya Moshi